Swali Nililouliza Jumamosi

Nina miaka thelathini na minne, sijaolewa, naishi Ibra, Omani, na mama yangu. Mama hajui haya ninayowaandikia. Nyinyi ndio wa kwanza kuyajua…

Nilipomaliza masomo, baba alinikatalia kwenda kufanya kazi Maskati, lakini kompyuta alininunulia mwenyewe. Nikapata kazi kwenye mtandao, kuandika vijitabu vya maelekezo ya mashine kwa kampuni ya ng'ambo. Walinitumia michoro, nami nikaandika hatua kwa hatua. Mashine zenyewe sikuziona hata siku moja.

Jamaa walinicheka. Kazi gani hiyo ya kukaa ndani? Baba peke yake alinitetea.

Kikaja kijitabu cha pampu ya maji. Ukibonyeza kitufe chekundu, umeme unakatika wote, au mota tu ndiyo inasimama? Michoro haikusema. Nikaiuliza kampuni Jumamosi. Miaka ile kwetu mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, kwao Jumamosi na Jumapili, na kazi ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Nikakisia! Niliandika: bonyeza kitufe chekundu, kisha fungua kifuniko.

Jibu lilifika Jumatatu jioni. Mota tu. Umeme lazima uzimwe ukutani kwanza.

Kwa nini sikusema? Niliogopa kuachishwa kazi, jamaa wapate la kusema. Kijitabu kikachapwa hivyo hivyo, nikaletewa nakala. Baba akawa anakionyesha kwa kila mgeni, nami natabasamu.

Kumbe alinunua pampu ile ile kwa shamba letu la Mudhaibi, kimya kimya, anifurahishe. Siku ilipokwama, fundi wa jirani alimwambia, "Ammi, zima kwanza kule ukutani."

Baba akamjibu, "Kitabu kaandika mwanangu. Wewe utanifunza nini?"

Umeme ulimuua pale pale… Fundi ndiye aliyetuhadithia msibani, akilia. Watu wakasema ni ajali, mapenzi ya Mungu. Nami nikaitikia.

Baada ya matanga niliiandikia kampuni kwamba nimegundua kosa. Kuhusu baba sikutaja neno. Wakanishukuru kwa uangalifu wangu!

Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio kimenikuta, na bado naficha.

Ndugu zangu, usilolijua sema hulijui. Ukikosea, sema siku ile ile, hata kama kazi itakwenda. Kazi yangu mimi haikwenda. Kila asubuhi mama ananiletea chai kwenye kompyuta na kuniambia, "Andika, mwanangu. Marehemu alikuwa akijivunia kazi yako."

Nami naandika.