Bamba Lililooshwa kwa Sabuni

Kila Jumapili, akishamaliza kufagia uani, Chizuru alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko zote: kuliandaa bamba la chuma. Baba yake, Bwana Tatsuo Ochi, alikuwa mchomeleaji vyuma katika kiwanda cha meli mjini Imabari. Bamba hilo alilikata mwenyewe kutoka kwenye kipande cha chuma kilichobaki kazini, wakati Chizuru angali mtoto wa mgongoni. Lilikuwa na upana wa meza ya shule na unene wa kidole. Lilikaa juu ya nusu pipa la makaa, jeusi tii, laini kwa mafuta ya miaka kumi na moja.

Chizuru aliwasha makaa, akayapepea, akalipaka bamba mafuta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Kisha Baba alitoka na taulo shingoni, akashika miiko miwili bapa ya chuma na kuanza kupika mbele ya wote: ngisi, kamba wa baharini, vitunguu, tambi, na mwisho wali wa kukaanga na yai. Majirani walisikia harufu ya mchuzi wa soya ukiungua kidogo, wakajua akina Ochi wamo uani.

"Ukitimiza miaka kumi na miwili," Baba alizoea kumwambia, "miiko hii ni yako. Mimi nitakaa kitini, niletewe sahani kama bwana mkubwa."

Chizuru alitimiza miaka kumi na miwili mwezi wa Mei. Lakini mwezi wa Aprili, Fumika alikuwa amekuja.

Fumika alikuwa binamu yake, mtoto wa Shangazi Sanae, dada yake Baba. Shangazi alikuwa na kibanda cha chakula cha bamba huko Osaka, na Fumika alikulia nyuma ya kaunta. Shangazi alipougua figo, kibanda kilifungwa, naye akaletwa kulazwa hospitalini Imabari ili awe karibu na kaka yake. Fumika akahamia kwao Chizuru na begi moja na mto wake wa kulalia.

Wiki mbili za kwanza Fumika hakusema lolote. Alikula kidogo, akalala akiwa ameuelekea ukuta. Jumapili ya tatu Baba akamnyooshea miiko. "Hebu tuonyeshe mambo ya Osaka," alisema.

Fumika aliishika miiko kana kwamba amerudishiwa mikono yake. Aliligonga bamba, ta-ta-ta, akavunja yai kwa ncha ya mwiko, na lilipoanza kuiva akalirusha juu na kulipokea bila kupasua kiini. Baba alicheka mpaka akashika tumbo. Mama naye akapiga makofi. Rio, rafiki yake Chizuru wa nyumba ya pili, alikuwa amening'inia kwenye ukuta wa uani.

"Chizuru! Binamu yako ni kiboko!" akapiga kelele.

Chizuru alitabasamu kwa meno tu.

Tangu siku hiyo miiko haikurudi. Siku ya kuzaliwa kwa Chizuru ilipofika, walikula keki, Baba akampa viatu vipya, na Jumapili iliyofuata akasema kama kawaida, "Fumika, jukwaa ni lako!" Chizuru alisubiri labda angekumbuka. Hakukumbuka. Yeye akaendelea kupepea makaa na kukata kabichi.

"Hii kabichi ni ya nani, ya sungura?" Fumika alimtania siku moja, akinyanyua kipande kinene. "Kata nyembamba, bwana. Hivi haitaiva mpaka mwaka mpya."

Wote walicheka. Fumika hakuwa na nia mbaya. Ndivyo walivyotaniana kibandani kwao. Lakini jioni ile, alipokuwa mezani, Chizuru alianza kuhesabu mara ambazo Baba angelitaja jina la Fumika. Alifika kumi na moja kabla chai haijaletwa. Jina lake mwenyewe lilitajwa mara moja: "Chizuru, sogeza chumvi."

Wivu huo ulimfuata kila mahali. Akiwa bafuni alisikia Fumika na Baba wakijadiliana kuhusu moto, akabaki majini mpaka vidole vikakunjamana. Akiwa darasani alisikia Rio akisimulia habari ya yai lililoruka, akatamani yai hilo lingeanguka usoni kwa mtu. Ubaya zaidi ni kwamba Fumika alikuwa mwema kwake. Alimtandikia godoro na kumwachia upande wenye feni. Chizuru angeona afadhali kama Fumika angekuwa mchokozi.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, nyenje wakilia kwenye miti kama misumeno, Chizuru alibaki nyumbani peke yake. Baba alikuwa kazini, Mama alikuwa kwenye kiwanda cha taulo, na Fumika alikwenda kumwona mama yake. Chizuru alisimama uani akilitazama bamba. Hakuwa amepanga kitu. Aliingia jikoni, akatoka na ndoo ya maji ya moto, sabuni ya unga, na waya wa kusugulia masufuria.

Alijua vizuri sana. Baba alikuwa amemfundisha tangu utotoni kwamba bamba halioshwi kwa sabuni kamwe. Hupanguswa likiwa la moto, likapakwa mafuta. Ule weusi ndio unaozuia chakula kunata.

Alisugua. Mwanzoni povu lilitoka la kahawia, kisha jeusi. Jasho lilimtiririka machoni. "Tuone sasa yai litarukaje," alisema kwa sauti, na sauti yake ikamtisha kidogo. Hakuacha. Rangi ya kijivu ya chuma kitupu ilipojitokeza katikati, alilimwagia maji, akalifunika kwa gunia likiwa bado limelowa.

Asubuhi ya Jumapili, Baba alikuja mezani akiwa amechangamka.

"Jamani, hospitali imempigia simu Mama Fumika ruhusa!" alisema, kisha akajicheka. "Nachanganya maneno kwa furaha. Hospitali imenipigia simu. Sanae amepewa ruhusa ya kutoka leo. Nitamleta saa tano, na saa tisa lazima arudi."

Fumika aliangusha vijiti vyake vya kulia. "Nitampikia mimi," alisema. "Mjomba, naomba nimpikie mimi. Hajala chakula changu tangu mwezi wa Machi."

"Nani mwingine?" Baba akajibu.

Chizuru aliweka bakuli la wali mezani. Alikimbilia uani, akafunua gunia. Kutu nyekundu ilikuwa imetapakaa juu ya bamba kama upele. Wakati ule angeweza kusema. Baba alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Badala yake alichukua kitambaa, akafuta kutu ya juu juu, akapaka mafuta mengi mpaka bamba likang'aa. Kwa mbali lilionekana la kawaida. Kisha akawasha makaa.

Shangazi Sanae alifika akiwa amevaa barakoa na kofia pana. Alikuwa amekonda, na Baba alimshika mkono kumketisha kwenye kiti kivulini. Lakini alipoliona bamba na moshi, macho yake yalicheka.

"Haya, mpishi," alimwambia Fumika. "Mteja ana njaa."

Fumika alifunga kitambaa kichwani. Akaweka kamba. Alipotaka kuwageuza, hawakugeuka. Alisukuma mwiko chini yao, nyama ikachanika, nusu ikabaki imeng'ang'ania chumani. Akaongeza mafuta, akavunja yai. Yai likashika papo hapo, likaanza kuungua pembeni na kutoa harufu ya kutu. Fumika alikwangua, akakwangua tena. Uso wake ulikuwa mwekundu, midomo ameibana. Hakuna aliyecheka.

"Acha, mwanangu," Shangazi alisema polepole. "Sogeza makaa." Akainuka, akasogea, akainama juu ya bamba. "Tatsuo, hili bamba limevuliwa nguo. Limeoshwa kwa sabuni."

Baba aliligusa kwa ncha ya mwiko. Uso wake ulibadilika. "Nani kafanya hivi?"

Fumika akasema, akiangalia chini, "Labda ni mimi, Mjomba. Labda Jumapili iliyopita sikulipaka mafuta vizuri. Samahani, Mama. Nilitaka ule vizuri." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye masizi.

Chizuru angeweza kunyamaza. Hakuna mtu aliyekuwa akimtazama yeye. Lakini aliona Fumika akiinamisha kichwa kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, akashindwa kuvumilia.

"Ni mimi," alisema. "Nililisugua jana. Kwa makusudi."

"Wewe?" Baba alisema. "Chizuru, wewe unajua..."

"Najua."

Fumika alimgeukia. "Kwa nini? Nimekufanyia nini mimi? Mama yangu kapewa masaa manne tu! Manne! Moja limeshakwisha!" Alitupa mwiko chini, ukalia juu ya saruji. Chizuru alitaka ardhi immeze.

Baba alifungua mdomo, lakini Shangazi akamwinulia kiganja.

"Utamgombeza baadaye, kaka. Sasa hivi mimi nina njaa, na nina masaa matatu. Sijaja hapa kula uji. Uji nimeuacha hospitalini." Akajivutia kiti karibu na pipa na kukaa kama mtu aliyerudi kaunta kwake. "Chizuru, wewe ulilivua, wewe utalivisha. Leta mchanga na brashi. Fumika, niletee maganda ya vitunguu, majani ya nje ya kabichi, takataka zote za mboga. Haraka!"

Chizuru alisugua kutu yote mpaka mabega yakauma. Kisha Shangazi akamwambia alirudishe bamba kwenye moto mkali, asubiri. Chuma kilianza kutoa moshi, kikageuka rangi, kikawa bluu kama shingo ya njiwa.

"Sasa mafuta. Kidogo! Unapaka bamba au unaliogesha? Kidogo zaidi. Haya, tupa maganda."

Maganda yalichachatika. Chizuru aliyakoroga kila pembe mpaka yakawa makaa, akayaondoa, akapaka mafuta tena. Mara ya pili. Mara ya tatu. Joto lilimpiga usoni, vinyweleo vya mkono vikaungua. Shangazi alikuwa amevua kofia. Alikuwa akitoa amri, akikohoa, akicheka, akimkemea Baba asimame pembeni. Mama alimnong'oneza Baba, "Hajaongea hivi tangu alazwe."

Ilipofika saa saba na nusu, bamba lilikuwa jeusi tena, si kama zamani, lakini jeusi. Fumika akavunja yai. Yai likateleza.

"Tambi ni nyingi kwa mikono miwili," Shangazi alisema. "Chizuru, shika mwiko mmoja, simama upande wa pili."

Chizuru alisita, akauokota. Fumika hakumtazama. Waligeuza tambi, mmoja kushoto, mmoja kulia, mpaka rundo likaanza kuinama upande wa Chizuru.

"Taratibu, utazimwaga," Fumika akasema. Ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu alipokasirika.

Shangazi alikula wali, kamba watatu, na tambi kidogo. Fumika alikaa miguuni pake akitazama kila tonge. "Chumvi imezidi," Shangazi alisema, kisha akaomba aongezewe.

Kabla ya saa tisa alimwita Chizuru peke yake.

"Nimeambiwa na Mama yako kuhusu ile ahadi ya miiko," alisema. "Kwa hiyo ninajua ulichokuwa unakiona. Wivu si kosa, mwanangu. Hata mimi nimewaonea wivu wote waliopita dirishani kwangu hospitalini wakiwa na mifuko ya sokoni. Kosa ni kuufungia ndani mpaka ukushikishe ndoo ya sabuni. Umemwadhibu Fumika kwa jambo ambalo hakulifanya, na ukalifuta jasho la baba yako la miaka kumi na moja. Leo umesema kweli ilipokuwa vigumu. Hilo nimeliona, na Fumika naye ataliona, ingawa si leo. Mara nyingine usingoje kufika huko. Mwendee mtu anayehusika, umwambie, 'Umenisahau.' Neno moja tu. Halihitaji brashi wala mchanga."

Baba alimrudisha Shangazi hospitalini. Aliporejea, Chizuru alikuwa amesimama getini. Baba alianza kufungua mlango wa gari akiwa bado amekunja uso.

"Baba," Chizuru alisema, "ulinisahau."

Baba akazima injini, akafungua mlango wa upande wa pili, akapigapiga kiti kilichokuwa wazi.

"Kweli," alisema. "Nilikusahau. Njoo ukae hapa, unieleze yote."