Chai ya Rangi Yenye Nyuzi Nyeupe

Jumanne, tarehe 12 Novemba 1996, saa moja na dakika kumi asubuhi, Dakta Sylvanus alifungua friji la mafuta ya taa katika kituo chake kidogo cha utafiti, barabara ya Kivukoni, Ifakara. Akakuta nyanya mbili, kitoweo cha mpishi, na alama ya duara pale ilipokaa chupa yake. Miezi mitano ya kazi ilikuwa ndani ya chupa ile.

Saa moja na robo mtaa mzima ulishajua, maana genge la chai la Apolonia linatazamana na geti, na habari haimpiti Apolonia hata ikipita kwa kunyata.

Asubuhi hiyo alikuwa na ugomvi wake mwenyewe. Mteja wa kwanza, Stanislaus fundi baiskeli, alikuwa ameagiza chai ya rangi. Ilipomiminwa kutoka kwenye themosi ikaja na nyuzi nyeupe zinaelea juu. Stanislaus akasukuma kikombe, akasema yeye hakuagiza ya maziwa. Apolonia akaapa kwamba maziwa hajayaona tangu Jumapili. Wakabishana mpaka kelele za Daktari zikawakatiza.

Kazi za kituo kile zilikuwa zinajulikana hadi sokoni. Mkemia, yaani Daktari mwenyewe, anapika ute. Mtaalamu wa mbu analeta mbu wenye njaa. Fundi cherehani anaupaka ute kwenye vitambaa, halafu wote watatu wanagombana. Ute ule ukiguswa na joto la mtu unajikunja na kutema dawa inayofukuza mbu, ukipoa unanyamaza. Wageni wa kuukagua walikuwa wanakuja Alhamisi.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Yosefina, mpishi. Kwenye dirisha la jiko lake palikuwa na chupa ya kitu cheupe, na Daktari akaidaka, akaitia kwenye friji, akasimama na saa mkononi huku Apolonia akichungulia mlangoni, amekuja kumpa pole mpishi.

Daktari akawaeleza. Ute ukiwa baridi ni angavu kama maji ya kisima. Ukiweka kidole nyuma ya chupa unakiona. Ukae juani robo saa tu, unageuka mweupe kama maziwa. Ukiupoza unarudi ulivyokuwa.

Dakika ishirini zikapita. Chupa ikatoka nyeupe vilevile.

"Ni uji wa mchele, Daktari," Yosefina akasema. "Ukiupoza unakuwa uji wa mchele wa baridi."

Ndipo akajitokeza Salvatory, muosha chupa wa kituo. Kwa masikitiko makubwa akasema hapendi kumchongea mwenzake, lakini jana alimwona Fridolin, mlinzi wa mchana, kwa Stanislaus, akizibiwa pancha. Alikaa pale juani tangu saa saba hadi saa nane, na chupa miguuni, ndani kitu angavu. Huenda masikini alidhani ni gongo.

Stanislaus akaitwa, akakubali: chupa aliiona, tena nyuma yake aliona spoku za baiskeli. Fridolin naye hakukataa. Alisema ni maji ya kunywa. Daktari akamwambia apulize. Fridolin akapuliza, ikatoka harufu ya perege na vitunguu, na Daktari akaandika jambo hilo kwenye daftari. Kisha akamfungia mlinzi kwenye stoo ya vyandarua, akatangaza kuwa polisi watakuja kumchukua saa kumi, na kazi hana tena.

Fridolin amemwoa mdogo wake Apolonia, na mdogo mtu alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Shemeji," Fridolin akasema kupitia tundu la stoo, "mimi hata gongo lenyewe sinywi. Mwambie."

"Nyamaza kwanza. Umekula?"

Alikuwa hajala. Apolonia akarudi gengeni kumfuatia kitumbua, na kwa kuwa hasira zake huishia kwenye kuosha vyombo, akaanza kuisugua ile themosi. Akaingiza vidole. Humo ndani mlikuwa na utelezi, kama mtu kapikia mlenda. Akaketi. Jana saa tano Salvatory aliiazima, akasema anampelekea shangazi yake uji hospitalini. Jioni akairudisha, na Apolonia akaisuuza kwa maji ya baridi na kuiweka. Ila shangazi yake Salvatory anaishi Mang'ula, na Jumapili alionekana kanisani kwao akiimba sauti ya kwanza.

Saa tisa na nusu alivuka barabara na themosi kwapani na birika la maji ya moto mkononi. Wateja wote wakamfuata na vikombe vyao.

"Daktari, shikamoo. Jana mchana jua lilikuwaje?"

Daktari akajibu marahaba, akasema lilikuwa la kupasua kichwa.

"Na Fridolin alikaa na ile chupa juani saa nzima. Stanislaus, uliona nini nyuma yake?"

"Spoku," Stanislaus akasema. "Moja imepinda."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa shati. Ute wake saa nane ya jana ungekuwa mweupe kama kanzu ya padri. Fridolin alikuwa amebeba maji.

"Sasa tazama hii." Apolonia akatia maji ya moto kwenye themosi, akaitikisa, akamimina kwenye glasi. Nyuzi nyeupe zikacheza. Akaitumbukiza glasi kwenye ndoo ya maji ya mtungini, akasubiri, akaiinua. Hamna kitu. "Jana themosi hii nilimwazima mtu mmoja tu. Salvatory mwanangu, shangazi anaendeleaje?"

Salvatory akakaa chini, juu ya kapu la nyanya za mpishi.

Maelezo yake yalikuwa marefu, lakini kiini ni Minza, binti wa Mzee Ndaki, mfugaji wa upande wa Kivukoni. Mzee alishasema binti yake haolewi na muosha chupa. Basi Salvatory akataka amwoneshe kuwa yeye ni mtaalamu. Akaubeba ute kwenye themosi usipate joto, akaumimina kwenye chupa mbele ya mzee, akaushika juani, na maji yakawa maziwa; akasema ni dawa ya ng'ombe aliyoitengeneza mwenyewe. Alitaka airudishe jioni ileile. Lakini mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kiti chake.

"Ningemwambiaje anirudishie?" Salvatory akauliza. "Mtu ambaye unamposa binti yake?"



"Kwa hiyo kesi ukanipa mimi," Fridolin akasema kutoka stoo.

Saa kumi kasoro dakika tano baiskeli ilisimama getini. Hakuwa polisi. Alikuwa Mzee Ndaki, na chupa imefungwa kwenye keria kwa kamba ya katani. Akapokea shikamoo zote kwanza, bila haraka.

"Nimezaliwa kwenye maziwa," akasema. "Maziwa yakilala yanaganda. Haya yamelala yakawa maji. Alfajiri nimeyaegemeza kwenye kiwele cha ng'ombe, yakarudi meupe. Nikayatia mtungini, maji. Mara sita. Hii ni dawa ya joto, wala si ya ng'ombe. Nani kamfundisha kijana huyu kudanganya wazee?"

Daktari alikuwa ameshatoa daftari, anamwomba arudie hapo kwenye kiwele, polepole.

Salvatory akauliza kwa sauti ndogo kuhusu Minza.

"Muosha chupa ningeweza kumfikiria upya," mzee akasema, baada ya wateja kumsimulia yote. "Lakini umemtia mwenzako stoo."

Polisi walipofika walipewa chai. Salvatory alifukuzwa, baada ya kupiga magoti mlangoni pa stoo na kumfungulia Fridolin kwa mkono wake. Themosi ilichukuliwa kama kielelezo, na Apolonia akapewa mpya yenye maua.

Saa kumi na mbili jioni Daktari alitoka kwenda nyumbani. Fridolin, aliyerudishiwa kazi, alikuwa kwenye geti la kituo, mkanda umekazwa. Hakufungua.

"Samahani, Daktari," akasema. "Puliza."