Mvuke wa Bafuni

Mvuke ulikuwa umetanda bafuni, na tangu asubuhi hakuna aliyekuwa ameoga.

Nyamvula alisimama mlangoni, taulo begani. Bafu lile halikuwa na dirisha. Dari lilikuwa limeota ukungu mweusi, na tangu wahamie Utange bintiye Purity hakuacha kukohoa. Lakini mvuke huu ulikuwa na joto la pumzi, nao ulinukia udi.

"Hewa haipiti, ndiyo maana," alisema mumewe, Karisa. Akamwita fundi Ziro aje aweke feni ya kutoa hewa.

Ziro alitoboa ukuta mchana, upande wa kichochoro kinachowatenga na jirani yao Mwikali. Tundu lilipotokea nje, alizima mashine, akageuka nyuma.

"Mama Purity," alinong'ona, "humu ndani kuna mtu mwingine?"

"Tuko mimi na wewe tu."

"Basi nani ananipumulia shingoni?"

Akaifunga feni, akaunganisha nyaya, akaondoka bila kugusa chai aliyowekewa.

Jioni, Karisa akiwa bado kazini, stima zilipotea mtaa mzima. Gizani Nyamvula akaisikia feni ikizunguka, polepole kwanza, kisha kwa nguvu, na Purity aliyekuwa amelala mkekani akainuka macho yamefumba, akaanza kwenda bafuni mkono mmoja umenyooka mbele kana kwamba ameshikwa, na mvuke ukamiminika chini ya mlango ukamzunguka miguu, harufu ya udi ikajaa nyumba nzima, hata Nyamvula akamdaka mtoto kiunoni na kung'ang'ania, huku kitu asichokiona kikimvuta upande wa pili.

"Huyu ni wangu," alisema. "Tundu lile pale. Toka."

Feni ikanguruma. Mvuke wote ukarudi nyuma, ukafyonzwa tunduni, ukaisha. Purity akafumbua macho, akaomba maji.

Asubuhi kuta zilikuwa kavu. Nyamvula alikuwa akianika nguo kichochoroni Mwikali alipotokeza, mwanawe mchanga mgongoni.

"Mmeamkaje, Mama Purity? Ni nyinyi mliochoma udi? Dirisha la bafu letu tuliliacha wazi, sasa ndani kumejaa moshi. Na huyu mtoto tangu jana jioni hataki kufumbua macho."

Nyamvula alilitazama dirisha lile, mkabala kabisa na feni yake.

"Labda ni wale wa nyumba ya nyuma," akasema.

Mgongoni mwa mamake, macho yamefumba, mtoto aligeuza kichwa polepole kuelekea dirisha lilelile la bafu la kwao, akanyoosha mkono.