Kidole Kivivu cha Bi Mbodze

Bi Mbodze wa Kinondo ameshona makuti ya kuezekea tangu usichana wake. Hukunja jani juu ya ufito, huvuta kamba ya ukindu, hukaza kwa kidole gumba. Nyumba nyingi za Galu zimeezekwa kwa kazi ya mikono yake, na mwenyewe hachoki kukwambia.

Lakini kazi hiyo ilimla vidole. Vikawa laini, mistari haionekani. Siku ya kupokea pesa za wazee kutoka serikalini, mashine ya kusoma alama za vidole ilikikataa kidole gumba chake. Alirudi nyumbani mikono mitupu, roho inamuuma. Pesa hizo ndizo zinazomnunulia dawa ya presha.

Kesho yake kijana mwenye shati jeupe alipiga hodi.

"Shikamoo, bibi. Nimetumwa na serikali. Nimesikia mashine imekukataa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgeni kwetu hula kwanza."

Akamwekea chai na kaimati. Kijana akala, akasema, "Tutaandikisha kidole changu badala ya chako. Nitakupokelea pesa, nitakuletea hapa hapa. Nipe kitambulisho tu."

Bi Mbodze alifurahi sana. Akainuka kukifuata.

Jirani yake, Mwanaima, alikuwa hapo akishona makuti. Yeye ni mjumbe wa kamati ya wazee wanaopokea pesa hizo.

"Keti kwanza, dada," alisema. "Pesa hufuata kidole kilichoandikishwa. Ukiandikisha cha huyu, basi ni zake."

"Na changu kimekataa! Nifanyeje?"

"Twende ofisi ya ustawi wa jamii. Hulipi kitu. Vidole vyote vikikataa, utachagua mtu wako unayemwamini, naye ataandikishwa mbele yako. Kitambulisho na namba ya siri usimpe mtu usiyemjua, hata akija na shati la arusi."

Kijana akasimama. "Nitarudi siku nyingine."

"La, mwanangu!" Mwanaima alisema. "Kwetu mgeni husindikizwa. Tutakusindikiza mpaka kwa chifu, akujue."

Akawaita majirani. Wanawake wakatoka kwa vigelegele. Kijana akakaza mwendo, kisha akatimua mbio, kiatu kimoja kikabaki mchangani. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha wakaenda kwa chifu kweli, wakapiga ripoti na kumkabidhi kile kiatu.

Ofisini, afisa aitwaye Mwinga alimpokea Bi Mbodze kwa upole.

"Tujaribu vidole vingine, mama."

Cha shahada, hapana. Cha kati, hapana. Cha pete, hapana. Kikabaki kidole cha mwisho, kile kidogo. Mashine ikalia, taa ya kijani ikawaka.

"Hicho?" Bi Mbodze alishangaa. "Hicho ni kivivu! Hakijashona hata kuti moja!"

Mwezi huo alipokea pesa zake mwenyewe, akanunua dawa. Siku hizi akishona makuti, kidole kile hukiinua juu.

"Kishushe, dada, kifanye kazi," Mwanaima humtania.

"Wacha wee! Hiki kimeajiriwa na serikali."