Ebitinge Zangu na Wageni wa Njia ya Chuma

"Nani amekufa, Nyanchama?"

Ndivyo mume wangu Ratemo alivyonisalimia mwaka wa sabini na mbili, bado yuko mlangoni kwetu Kiogoro, ametoka Nyansiongo alikokuwa akikamua ng'ombe wa watu. Macho yake yako kwa miguu yangu.

"Hakuna aliyekufa. Keti nikupe uji."

"Ebitinge ziko wapi?"

Binti zangu, hizo ni pete za chuma za miguuni. Baba yake Ratemo, mhunzi, alinifunga mwenyewe siku ya harusi yetu ya kimila. Mke hazivui mpaka mume azikwe.

"Nimemwazima mwalimu Joash. Anatembeza wageni njia ya chuma, kutoka tanuru la zamani la kuyeyushia chuma la Nyakoe mpaka kwa wahunzi. Wanaona tu, kesho anarudisha."

"Alizivua nani?"

"Yeye. Na koleo."

"Alishika mguu wako."

"Baba Bochaberi, ni chuma tu."

"Haya. Na mimi ni marehemu tu. Marehemu hanywi uji."

Akarudi zake Nyansiongo.

Joash alizirudisha kweli, lakini mke hajifungi mwenyewe. Nikampelekea baba mkwe.

"Mimi nilifunga mara moja," akasema. "Sasa afunge mwenye mke."

Wiki ya tatu ikaja barua: "Kwa mjane Nyanchama. Mimi marehemu sijambo. Bochaberi anywe maziwa. Wewe pia."

Nikacheka, kisha nikalia mpaka karatasi ikalowa. Asubuhi nikapanda lori la maziwa lililokuwa likirudi na mikebe mitupu, ebitinge kwa kikapu. Nilimkuta zizini.

"Mama, unatafuta nani?" akauliza, kama hanijui.

"Mtoto wa mhunzi. Nimeambiwa anajua kufunga."

"Huyo alikufa."

"Basi nimekuja matanga. Nitakaa hapa mpaka afufuke."

Akageuza uso kwa ng'ombe, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Akatafuta koleo na nyundo, akapiga magoti kwenye samadi, akaweka kisigino changu juu ya goti lake. Mikono ilinuka maziwa.

"Inauma?"

"Kaza."

"Nyanchama, niliogopa umenichoka."

"Kaza, Baba Bochaberi."

Ninazo mpaka leo. Kwa hivyo binti zangu, mgeni akiwaambia anataka kuona tu, mwacheni aone zikiwa miguuni.