Nyimbo Mbili, Kisha Mrudishe

Nilikwenda dukani kununua kahawa na betri za redio. Hilo tu. Ilikuwa Alhamisi, mwisho wa Septemba, jua linazama nyuma ya misonobari, na ile mvua yetu nyembamba ambayo hainyeshi wala haikatiki.

Tena niseme ukweli. Nilikwenda kuangalia ubao wa matangazo. Nilikuwa nauangalia kila siku, mwaka wa pili sasa.

Jina langu Raimo. Nina miaka sabini na minne, na arobaini kati ya hiyo nilipiga kodiani kwenye kumbi za dansi za huku kwetu. Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne. Wawili wamekufa, wa tatu yuko nyumba ya wazee na hunisalimia kwa jina la kaka yake. Mke wangu Eila alipofariki nilibaki na kodiani na paka. Kisha paka naye akaondoka.

Tafuta bendi ukiwa mzee, uone. Kiongozi wa bendi ya wastaafu aliniambia kwenye simu, "Wapiga kodiani tunao watatu, bwana. Mmoja hali yake mbaya. Tukuandike kwenye foleni?" Vijana wa bendi moja ya mjini Kuopio walinisikiliza nyimbo nne, wakanisifu sana, kisha mmoja akauliza, "Mzee, spika utaweza kubeba?" Nikamjibu kwamba naweza kubeba kodiani na aibu yangu, basi. Hawakunipigia tena.

Kwa hiyo nilikuwa napiga peke yangu jikoni, mlango nimeufunga, kama mtu anayefanya jambo baya.

Siku hiyo, kati ya tangazo la kuni na la watoto wa paka, palikuwa na karatasi ndogo. Mwandiko wa kizamani. Wino umechujuka, kana kwamba karatasi ililowa ikaanikwa.

"Anatafutwa mpiga kodiani. Awe mzee. Jumamosi saa moja jioni, Kuikkalampi."

Hakuna namba ya simu. Hakuna jina.

Nilimwuliza Tuula, mwenye duka, ni nani aliyelibandika.

"Sijui. Ukumbi wa Kuikkalampi si tumeufunga tangu Agosti? Ufunguo ninao mimi, na umeme umekatwa."

"Labda ni mazoezi."

"Mazoezi ya gizani?" Akaniwekea kahawa yangu mfukoni. "Usiende kujivunja mguu huko, Raimo. Nani atanunua betri zangu?"

Jumamosi nilinyoa ndevu. Nikavaa suti niliyomzikia Eila, kwa kuwa ndiyo pekee inayonitosha.

Kuikkalampi ni ukumbi wa mbao, wa duara, umesimama ukingoni mwa ziwa. Nilimwona Eila hapo kwa mara ya kwanza, mwaka 1973, gauni la kijani, mkoba kaushika kwa mikono miwili. Nilipofika hapakuwa na gari hata moja. Lakini madirishani mlikuwa na mwanga wa manjano. Harufu ya kahawa ikanipokea, na maandazi ya iliki, na lami iliyopakwa kwenye mbao. Chini ya hizo, harufu nyingine...

Tope. Tope la chini kabisa ya ziwa.

Ndani, fidla ilikuwa inatafuta sauti yake. Niliingia.

Jukwaani walikuwapo wazee watatu wenye suti za kijivu, nywele wamezichana kwa maji. Mmoja na fidla, mmoja na ngoma, mmoja na besi kubwa ya kusimama. Kiti cha nne kilikuwa kitupu.

"Umechelewa," alisema yule wa besi.

"Saa moja haijafika, bwana."

"Mimi nahesabu miaka." Akacheka bila kutoa sauti. "Naitwa Urho. Kaa."

"Hamnisikilizi kwanza?"

"Tumekusikia. Jikoni kwako."

Ningeondoka hapo hapo. Wewe ungeondoka, najua. Lakini wewe hujakaa miaka miwili unasikiliza simu isiyolia. Nilikaa. Nikafunga mikanda ya kodiani mabegani, na kiti kilikuwa na unyevunyevu.

Urho akainama sikioni mwangu. Pumzi yake haikuwa na joto.

"Utaratibu unaujua?"

"Mbili mbili," nikanong'ona. "Nyimbo mbili, kisha mwanamume anamrudisha mwanamke pale pale alipomtoa, anamshukuru, anaondoka. Nimekua nao huo, bwana."

"Kila mtu amekua nao. Hata aliyekuwa kwenye kiti hicho."

Sikuuliza huyo alikwenda wapi. Fidla ilishaanza.

Nitakwambia nini? Vidole vyangu vilijua. Nilipovuta, besi ilikuwa chini yangu kama sakafu, nilipopunguza, fidla ilipita juu bila kunigusa. Hawakuwa na karatasi za muziki, nami sikuzihitaji. Nilipiga huku machozi yananitiririka, na sikuona haya. Nilikuwa na bendi. Nilikuwa mtu tena.

Ndipo nikainua macho.

Ukumbi ulikuwa umejaa.

Mlango haukuwa umefunguliwa. Ningeusikia, unalia sana ule. Lakini wanawake walikuwa wamejipanga ukuta wa kushoto, wenye madirisha, wanaume ukuta wa kulia, na katikati watu wanacheza. Mbao zilitikisika. Viatu havikusikika. Kilichosikika, kila fidla iliponyamaza, kilikuwa kitu kimoja tu...

Tone. Tone. Tone.

Niliinamisha kichwa nikaendelea kupiga. Nyimbo mbili, kimya. Wanaume wakawarudisha wanawake ukutani, wakainama kidogo, wakaondoka. Mbili nyingine, kimya. Kisha juu ya mlango ikawaka ile taa yenye maandishi: ZAMU YA WANAWAKE. Saa ya wanawake kuchagua.

Lazima nieleze jambo hapa. Kwa miaka yote niliyopiga, Eila alikuja nami kila Jumamosi. Zamu ya wanawake ilipofika, alikuwa anasogea hadi jukwaani, ananinyooshea mkono mbele za watu. "Haya, mpiga kodiani. Shuka." Ukumbi mzima unacheka. Nami natikisa kichwa, maana kodiani ikinyamaza, bendi nzima inayumba. "Kesho, mama," namwambia. Naye anacheka, anakwenda kucheza na muuza mbao au mwalimu mkuu.

Miaka arobaini ya kesho.

Hospitalini, wiki ile ya mwisho, alininyooshea mkono vile vile. Nilidhani anataka maji.

Sasa nikamwona anatoka ukutani, chini ya dirisha la tatu. Gauni la kijani. Anapita katikati ya watu nao wanampisha. Alisimama chini ya jukwaa akanyoosha mkono.

"Haya, mpiga kodiani," alinong'ona. "Shuka."

Nilimtazama Urho. Yeye alitazama nyuzi zake.

"Nenda," akasema. "Fidla itaushika wimbo. Mbili, Raimo. Kisha mrudishe."

"Naelewa."

"Pale pale."

Niliiweka kodiani kitini nikashuka.

Mkono wake ulikuwa wa moto. Hilo sikulitarajia. Alinukia sabuni ya kijani aliyokuwa akiogea kwenye sauna, bafu letu la mvuke, na kichwa chake kilifika pale pale kilipokuwa kikifika, chini ya kidevu changu. Wakapiga waltzi, dansi ya kuzunguka. Nilimkanyaga.

"Miaka yote unawachezesha watu," aliniambia kifuani, "kumbe mwenyewe hujui."

"Nani angenifundisha?"

"Mimi. Ungeshuka."

Kisha wimbo wa dansi ya tango. Niliomba uwe mrefu. Haukuwa mrefu.

Muziki ulinyamaza. Kila mtu akageuka, kila mwanamume akawa anapelekwa na miguu yake kule anakojua. Eila alinishika kiwiko akangoja. Dirisha la tatu lilikuwa hatua kumi na mbili. Nilizihesabu kwa macho.

Sikumpeleka.

Nilimshika mkono nikaelekea mlangoni.

"Raimo. Mahali pangu ni kule."

"Mahali pako ni nyumbani."

"Raimo..."

Hakuna aliyetufuata. Ningependa wangetufuata, wangepiga kelele, wangetuziba njia. Walisimama tu, wote, wanatutazama kwa huruma. Niliusikia mlango ukilia, na nyuma yangu sauti ya Urho, imechoka sana:

"Kiti kitupu tena."

Tulipovuka kizingiti, mkono wake ukapoa. Sekunde moja wa moto, sekunde ya pili ni kitu kilichotolewa majini. Niliwasha joto la gari hadi mwisho. Alikaa kando yangu akichuruzika hadi nyumbani.

Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha kweli. Mchana simwoni, naona mkeka uliolowa tu, chini ya dirisha la jikoni. Jua likizama, yupo. Amesimama ukutani, mkoba kaushika kwa mikono miwili, kama wanawake wanavyosubiri kuchukuliwa. Ananinyooshea mkono. Nafungua redio, tunacheza nyimbo mbili katikati ya meza na jiko. Ni baridi mpaka meno yangu yanagongana.

Kisha nafunga redio, naye ananitazama.

"Raimo. Mahali pangu ni wapi?"

Nilimpeleka makaburini, kwenye jiwe lenye jina lake. Akatikisa kichwa. "Si hapa." Nilimpeleka chumbani, upande wake wa kitanda. Akasimama hapo hadi godoro likalowa. "Si hapa, Raimo."

Nilimwomba Tuula anifungulie Kuikkalampi, nikamdanganya kwamba natafuta kofia. Ndani palikuwa na baridi na viti vilivyopangwa juu ya vingine. Vumbi sakafu nzima. Jukwaani, juu ya kiti, ilikuwapo kodiani yangu, ngozi yake imeoza, vitufe vimeota kutu.

"Maskini chombo cha watu," alisema Tuula. "Uliiacha mwaka gani?"

"Jumamosi iliyopita."

Alicheka. Kisha akanitazama usoni akaacha.

Mimi nilikuwa naangalia dirisha la tatu. Chini yake, kwenye vumbi lile, palikuwa na sehemu mbili safi, ndogo, zinazotosha viatu vya mwanamke.

Nikaazima ufunguo kwa Tuula, nikamleta Eila jioni ile ile. Alizikanyaga sehemu zile, zikamtosha. Akangoja na mkoba wake. Nami nikangoja. Ziwa lilikuwa linagusa nguzo chini yetu.

"Hakuna muziki," akasema hatimaye. "Ulinitoa kwenye muziki."

Ndipo nikaelewa. Hapo ni mahali pake bendi ikiwapo tu. Na bendi haikuwapo.

Binti yetu Minna alikuja Jumapili. Hakuona kitu. Alilalamika kwamba nyumba inanuka tope, akafuta maji chini ya dirisha, akasema nimwite fundi wa mabomba. Kisha akamimina kahawa. Akasimama na birika mkononi, anaangalia meza.

"Baba," akasema polepole. "Hiki kikombe cha tatu nimemwekea nani?"

Alivaa koti akaondoka kabla jua halijazama, na tangu siku hiyo ananipigia simu tu.

Kwa hiyo nimeurudia ubao wa matangazo. Natafuta bendi, kuliko nilivyoitafuta mwanzo. Jana nilimkuta mtu mwingine anausoma. Mzee mrefu, koti jeusi, simjui. Vidole vyake vya kulia vilikuwa vinatembea juu ya vifungo vya koti, juu, chini, juu. Mkono wa mpiga kodiani naujua.

Viatu vyake vilikuwa vikavu. Nyuma yake, kutoka mlangoni hadi pale aliposimama, palikuwa na alama za viatu vingine. Vyembamba. Vimelowa.

"Unatafuta bendi?" nilimwuliza kwa sauti ya chini.

"Mwaka wa kumi na moja."

Alitazama sakafu nyuma yangu. Mimi sikugeuka.

"Wako bado anauliza?" akanong'ona.

"Kila jioni."

"Basi mjibu. Mjibu chochote. Wangu nilimnyamazia, akaacha kuuliza. Sasa ananyoosha mkono tu, na hajui mimi ni nani."

Tuliusoma ubao pamoja, bega kwa bega. Kuni. Watoto wa paka. Mashine ya kukatia majani. Tuula akaita kutoka kaunta, "Wazee wangu, nafunga!" na yule mtu akavua kofia kidogo akatoka. Alama zile zikamfuata hadi nje.

Nilipofika nyumbani kiza kilikuwa kinaingia. Alikuwa ukutani, mkoba mikononi. Tulicheza mbili. Nilifunga redio, nikasubiri. Safari hii alichukua muda mrefu kulikumbuka jina langu.

"Raimo," akasema. "Mahali pangu ni wapi?"

"Kesho, mama," nikamwambia.