Pepeta Iliyokwenda na Maji

Kila siku masomo yalipokwisha, watoto wa kijiji cha Mofu walirudi nyumbani kwa njia ya kivukoni. Ilikuwa njia fupi, tena yenye mambo ya kutazama, kwa sababu wavuvi walikuwa wakianika samaki na kutengeneza nyavu. Tekla peke yake alizunguka mashambani. Wenzake walipomwuliza sababu, aliwajibu kwamba anapenda kuutazama mpunga. Ukweli ni kwamba hakutaka kuonana na mzee Kasmiri.

Mzee Kasmiri alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi wake tangu Tekla hajazaliwa, na wengine aliwafikisha hadi Ifakara. Sasa mtumbwi ule ulikuwa umelala kifudifudi juu ya nyasi, jua limeupasua, na mwenyewe alishinda kando yake akisuka migono ya kutegea samaki. Kwa mwaka mzima hakuna mtu wa Mofu aliyeupanda. Tekla aliamini kwamba ni yeye tu anayeijua sababu yake hasa, naye alikuwa hajamwambia mtu.

Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1957, na mpunga ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Huu ndio wakati wa pepeta. Akina mama huukata mpunga kabla haujakauka vizuri, huukaanga katika chungu, kisha huutwanga ungali wa moto hadi punje ziwe bapa na laini. Kila jioni milio ya mchi ilisikika ua hadi ua, na watoto waliifuata mbio wakikinga viganja.

Tekla hakuifuata. Aliposikia mchi ukigonga kinu, palepale alisikia na sauti ya bibi yake, nyembamba na ya uchovu, kama alivyoisikia mara ya mwisho: "Haikubaki hata punje moja, mjukuu wangu?" Aliisikia akiwa anachota maji. Aliisikia darasani, mwalimu akiwa anaandika ubaoni. Siku moja alipoingia jikoni alidhani amemwona bibi ameketi pembeni ya mafiga, amenyoosha mkono wazi. Alipotazama vizuri, ilikuwa kanga ya mama iliyotundikwa ukutani.

Bibi huyo aliitwa Apolonia. Alizaliwa milimani upande wa Mahenge, akaletwa bondeni akiwa bi harusi. Mara nyingi alimsimulia Tekla jinsi alivyolia siku za kwanza. Mbu walimchosha, maji yalifika hadi mlangoni wakati wa mafuriko, na hata lugha ya Wandamba, wenyeji wake, hakuielewa vizuri. "Kisha mama mkwe wangu akanipa pepeta ya moto," alikuwa akisema. "Nikatafuna, nikatafuna, nikajisemea, watu wanaojua kupika kitu kama hiki nitaweza kuishi nao." Tangu hapo hakuna chakula alichokipenda zaidi. Jioni za mavuno alimpakata Tekla wakala kutoka ungo mmoja.

Mwaka uliotangulia, Juni kama hii, bibi alikuwa amelazwa hospitali Ifakara, akiuguzwa na shangazi Brigita. Alituma salamu kwamba chakula hakimpiti kooni, ila anatamani pepeta. Mama yake Tekla aliitwanga siku hiyohiyo, akajaza kikapu kidogo na kukifunika kwa jani la mgomba. Baba alikuwa akilinda shamba dhidi ya nguruwe, na mama alikuwa na mtoto mchanga. Basi Tekla, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, akakabidhiwa kwa mzee Kasmiri.

Walisafiri tangu alfajiri. Tekla aliketi mbele, mzee akasimama nyuma na pondo lake la kusukumia mtumbwi. Jua lilipopanda, harufu ya pepeta ilianza kupenya chini ya jani. Tekla akachukua punje chache, kuonja tu. Kisha akachukua kiganja. Alijiambia bibi mgonjwa hawezi kumaliza kikapu kizima. Baadaye alijiambia atabakiza nusu. Ifakara ilipoanza kuonekana, vidole vyake viligusa sehemu ya chini ya kikapu, na hapakuwa na kitu. Kwa hofu alikitumbukiza kikapu mtoni, akakitoa kinachuruzika maji.

"Mtumbwi ulilala upande," alimwambia bibi kando ya kitanda. "Kikapu kikaanguka majini, pepeta ikaenda na maji."

Bibi alinyoosha mkono wazi. "Haikubaki hata punje moja, mjukuu wangu?"

"Hata moja, bibi."

Bibi alifariki siku ya nne. Tekla aliporudi nyumbani aliulizwa kuhusu pepeta, akarudia maneno yaleyale. Baba yake, Dionisi, aliwaka kwa hasira. Mzee Kasmiri aliposema mtumbwi wake haukulala, watu walimwona mwongo. Wengine waliongeza kwamba alikuwa amekunywa pombe. Wazazi wakawakataza watoto wao kupanda naye, na watu wazima pia wakaanza kumkwepa.

Jumamosi moja mchana, Tekla akiwa anapepeta mchele, mwanamke mgeni aliingia uani akichechemea kidogo, na kifurushi kichwani.

"Tumsifu Yesu Kristu," alisalimu.

"Milele amina," aliitikia mama, akampokea mzigo. "Karibu, dada."

"Naitwa Serafina, natoka Uchindile. Hapa ndipo nyumbani kwa marehemu Apolonia?"

Mama alisema ndipo, na kwamba yeye ni mkwe wake. Mgeni aliketi mkekani, akaeleza. Mwaka jana alilazwa Ifakara kwa kidonda cha mguu, kitanda chake jirani na cha bibi. Sasa anarudi kumwonyesha daktari mguu huo, akaona apite Mofu kwanza.

"Nilimwahidi," alisema. "Kwetu milimani hatulimi mpunga. Tuna mahindi, ulezi, viazi na baridi. Mama yule alinieleza habari ya pepeta jioni nzima, jinsi inavyotwangwa, jinsi inavyonukia, hata mimi nikaanza kuitamani. Aliniambia nikipona nije kwake wakati wa mavuno, atanipikia kwa mkono wake."

Baba, aliyekuwa ameketi mlangoni akinoa mundu, aliuweka chini.

"Je, yeye alikula nini siku zile?" mama aliuliza. "Wifi yangu Brigita alisema alikataa kila kitu."

"Nilikuwa na unga wa ulezi kutoka nyumbani. Siku moja nikamkorogea uji. Alipoonja akafumba macho, akasema, leo nimekula kwa mama yangu. Kumbe kwao Mahenge alikulia ulezi kama sisi. Ndicho alichokunywa mpaka mwisho." Serafina alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Pepeta hakuionja. Lakini hakulalamika. Kila jioni alisali kwa sauti, akisema, asante Mungu, umechukua pepeta, hukumchukua mtoto."

Ungo ulimponyoka Tekla, mchele ukatawanyika uani. Kwa mwaka mzima alidhani kwamba ile sauti inamwuliza kwa hasira. Sasa alijua kwamba bibi alimwamini, na alikufa akiushukuru uongo wake. Hilo lilimwumiza kuliko hasira.

"Haikwenda na maji," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Unasemaje?" baba aliuliza.

"Mtumbwi haukulala, baba. Niliila mimi. Niliila yote njiani, nikakilowesha kikapu." Akasimulia yote.

Mama aliinamisha kichwa. Baba alisimama, na Tekla akajikunyata akingoja kipigo. Lakini baba alikuwa akitazama upande wa kivukoni. "Kasmiri alikuwa rafiki wa baba yangu," alisema taratibu. "Nilimwita mwongo mbele ya watu, msibani. Twende, Tekla. Utasema mwenyewe."

Walimkuta mzee kando ya mtumbwi wake. Wavuvi walikuwapo, na wanawake waliokuja kununua samaki. Baba hakumwita mzee pembeni. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mwanawe ana neno.

"Shikamoo, babu," Tekla alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Tekla alieleza alichokitenda. Hakuacha kitu, hata kile kikapu kilichochuruzika maji. Mzee aliendelea kusuka mgono wake mpaka alipomaliza.

"Nilikuwa najua," alisema. "Nilikusikia ukitafuna tangu jua lilipopanda hadi tunafika."

"Mbona hukusema, mzee wangu?" baba aliuliza.

"Nilisema mtumbwi haukulala, ukakataa kusikia. Ningeongeza kwamba mtoto alikula chakula cha mgonjwa, ungempiga siku ya kumlilia bibi yake. Nikaona heri ningoje aseme mwenyewe." Alikohoa. "Sikujua kama ningengoja muda mrefu hivi. Hata mke wangu sikumwambia, hakuwahi kuelewa kwa nini hakuna anayetaka kuvuka nami."

Baba alipiga goti moja, akaomba radhi. Mmoja wa wanawake, aliyekuwa wa kwanza kusema habari za pombe, alitazama chini. Mzee Kasmiri alimwinua baba kwa mkono. Hakutabasamu, lakini alisema, "Nimekusikia, Dionisi."

Baba alishinda siku mbili pale kivukoni akimsaidia mzee kuziba nyufa za mtumbwi, na wavuvi wawili wakajiunga nao bila kuitwa. Nyumbani, mama alikata mpunga akautwanga pamoja na Serafina. Mgeni alipewa kiganja cha kwanza. Alitafuna akitazama bonde lililojaa maji na nyasi ndefu, asilolizoea. "Mama yule hakuniongopea," alisema.

Tekla naye alipewa. Aliishika pepeta mkononi, ikiwa bado ya moto, lakini hakuweza kuipeleka kinywani.

"Mama, bibi nitamwambiaje?" aliuliza.

Mama alimketisha karibu naye. "Bibi hutaweza kumwambia. Utamwombea, lakini jibu lake hutalisikia, na mimi sitakudanganya kwamba uchungu huo utaisha kesho. Ulikuwa na njaa, ukala. Kosa hilo lingekwisha siku ileile kama ungesema kweli. Bibi angekukemea, kisha angekusamehe. Uongo ndio uliobaki hapa kijijini baada ya wewe kunyamaza. Ulimnyima mzee watu wake, ukamfanya baba yako amwonee mtu mwema, na wewe ukakosa raha hata ya chakula. Ukikosea tena, na utakosea, sema mapema, aliyekosewa akiwa bado anaweza kukusikia."

Jumanne asubuhi mzee Kasmiri aliusukuma mtumbwi majini. Serafina alipanda, na baba akampa mkono ili akae vizuri. Mzee alimtazama Tekla aliyekuwa amesimama kwenye tope.

"Kaburi la bibi yako liko Ifakara," alisema. "Nitarudi kesho. Mama yako akiruhusu, panda."

Tekla alimtazama mama yake. Mama aliinamisha kichwa kukubali. Tekla akapanda, safari hii akaketi akimwelekea mzee, na mtumbwi ukaingia mtoni.